Mahali Santuri Inaporuka

Sanduku liliteremshwa kutoka milima ya Vidunda likiwa kichwani mwa kijana, limefungwa kwa kamba ya katani, na lilipofika Kidodi likafungwa nyuma ya pikipiki hadi Mikumi. Ndani yake mlikuwa na santuri 41, chenja ya betri iliyopasuka kifuniko, na sarafu moja ya senti hamsini, ile ya zamani yenye picha ya sungura. Huo ndio urithi wa mzee mmoja aliyefariki mwaka 2018, na aliyeangukiwa nao ni mpwa wake, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari.

Msomaji wa visiwani huenda akauliza kwa nini apewe mpwa hali watoto wa marehemu wapo. Wavidunda, sawa na jirani zao Wasagara, Wakaguru na Waluguru, huufuata ukoo kwa upande wa mama, na kwa mila hiyo mjomba ana haki na wajibu ambao kwingine ni wa baba. Siku hizi mambo yamechanganyika. Shamba na nyumba vilikwenda kwa watoto bila ya mtu kuinua sauti. Lililobaki kwa mila ni lile ambalo hakuna aliyelitaka, yaani sanduku. Mwalimu alilipokea kwa heshima, akaliweka uvunguni mwa kitanda, likakaa huko miezi minane.

Walakini mama yake mwalimu, dada wa marehemu, alikuwa bado anaishi mlimani, na upepo wa masika ulikuwa umeing'oa bati ya nyumba yake upande mmoja. Mwalimu alikuwa na watoto wawili shuleni na mshahara ambao tarehe kumi ulikwisha kuwa hadithi. Basi alipoambiwa na mwenzake kwamba wako watu Dar es Salaam wanaonunua santuri kuukuu kwa niaba ya wateja wa Ulaya, hakusita. Alilivuta sanduku, akalipangusa vumbi, akapiga simu.

Marehemu alikuwa utingo. Milima ya Vidunda imezungukwa na njia: upande mmoja inapita barabara ya Zambia, ikitoka Mikumi kwenda Ruaha Mbuyuni na Iringa, upande wa pili inateremka barabara ya Kidatu na Ifakara, yenye mashamba ya miwa ya Kilombero. Kijana wa mlimani aliyetaka kuuona ulimwengu alichagua moja kati ya hizo mbili. Wengi walikwenda kukata miwa. Yeye alichagua malori.

Barabara ile ilikuwa na habari yake. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyozoea kupitisha shaba na mafuta yake kusini, ikalazimika kutazama mashariki. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwenye njia ya udongo iliyomeza magari na watu, hata madereva wa Kizungu wakaiita mbio za jehanamu. Baadaye lami ilikuja, na bomba la mafuta mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa Julai 1976. Utingo huyu aliingia kazini lami ikiwa bado inanukia upya. Lori lilipita Mikumi, ambako wanyama wa hifadhi huvuka barabara bila ya kumwomba mtu ruhusa, likapanda Kitonga, likapita Iringa na Mbeya, likavuka Tunduma, likaenda hadi Lusaka na Kitwe. Wenziwe walirudi na mablanketi na sabuni. Yeye alirudi na mablanketi, sabuni na santuri.

Kile alichokikuta Zambia wakati ule kilikuwa hakijapata jina duniani. Vijana wa miji ya machimbo ya shaba walikuwa wakisikiliza Jimi Hendrix, Rolling Stones na Deep Purple, wakanunua magita ya umeme, na Rais Kenneth Kaunda alipotaka redio ya taifa ipige zaidi muziki wa nyumbani, wakajikuta wana mlango uliofunguliwa kabla hawajabisha. Kundi la WITCH liliongozwa na Emanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kumfuatisha Mick Jagger. Amanaz walitoa santuri yao iitwayo Africa mwaka 1975. Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga ilifika hadi Nairobi kutafuta riziki. Gita lao lilitiwa kile kishindo cha umeme kinachokwaruza, likalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ni miaka mingi baadaye ndipo muziki huo ulipojulikana duniani kwa jina la Zamrock, na wengi wa waliouimba walikuwa wamekwisha kufa. Katika WITCH ya asili, ukimwi ulipopita, Jagari alibaki karibu peke yake.

Humo ndimo utingo alimowakuta watu wa kwao. Kundi la Sunburst lilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1970, na mtu anayezijua siku zile atastaajabu kwamba lilizaliwa. Januari 1969 vijana wa TANU walikuwa wameanza Operesheni Vijana, kuwaandama wenye sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Novemba ya mwaka huo huo wakuu wa Mkoa wa Pwani wakaupiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam. Katikati ya makatazo hayo wakajitokeza vijana wa asili ya Tanzania, Zaire na Malawi, miongoni mwao Hembi Flory Kongo na mwimbaji James Mpungo, wakachanganya soul, roki na ngoma za nyumbani, na mtindo wao wakauita Kitoto. Hawakushitakiwa kwa kuiga Wazungu, au kama walishitakiwa waliponyoka, kwa kuwa walijua kuimba kwa Kiswahili juu ya Uafrika kwa sauti ambayo hakuna katibu wa tawi angeweza kuikataa. Mwaka 1973 walirekodi Radio Tanzania. Kisha wakaifuata barabara ile ile ya malori, na mwaka 1976 santuri yao kubwa, Ave Africa, ikatoka Zambia. Baada ya hapo kundi halikudumu.

Yafaa hapa kusimama kidogo, maana wapenzi wa muziki wa pwani huuliza kwa nini santuri za Tanzania za enzi hiyo hazionekani. Jibu si moja, lakini la kwanza ni kwamba Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Studio za Radio Tanzania zilirekodi kwa ajili ya kupiga hewani. Mkanda ukihifadhiwa rafuni, kazi ilihesabiwa imekwisha. Aliyetaka sauti yake iuzwe dukani alikwenda Nairobi, ambako viwanda vilikuwapo tangu miaka ya 1950. Ndiko zilikotoka santuri za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, na hata baadhi ya santuri za mwanzo za Wazambia hao wa gita la nyuki. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na njia ya santuri ikafungwa pamoja na njia ya ng'ombe na ya watalii.

Jibu la pili ndilo lililomkabili mwalimu aliposhusha santuri 41 kwenye mkeka na kuzipanga. Zile za Mbaraka zilikuwa zimekwisha. Mifuo yake ilikuwa imegeuka kijivu, kama njia ya mchwa ukutani, na karatasi za katikati zilikuwa zimechanika pale vidole vilipozishika miaka na miaka. Ya Ave Africa ilikuwa mbaya kuliko zote. Jalada halikuwapo, na juu ya uso wa santuri ulikatiza mkwaruzo mmoja, mrefu kama kidole, kutoka ukingoni hadi wimbo wa tatu.

Mwalimu alikuwa akiujua mkwaruzo huo. Yeye ndiye aliyeutia.

Alikuwa na umri wa miaka mitano. Mjomba alipanda mlimani kwa sikukuu, chenja begani, santuri mpya kifuani ndani ya shati, na watu wakajaa uani. Nyimbo mbili za kwanza zilisikilizwa kwa ukimya, kama habari ya msiba au ya harusi ambayo bado haijajulikana ni ipi. Ya tatu ilipoanza, mtoto akaunyoosha mkono aushike ule mkono wa chenja uliokuwa ukienda wenyewe bila ya mtu kuusukuma. Ikasikika sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa. Mjomba hakumpiga wala hakusema neno. Aliurudisha mkono mahali pake, na sindano ilipofika kwenye jeraha ikarudi nyuma, ikarudia neno lile lile, tena na tena, mpaka watu wakacheka. Akatoa senti hamsini mfukoni, akaiweka juu ya kichwa cha sindano ili kuitia uzito. Basi sindano ikaacha kurudi nyuma. Badala yake ikaruka mbele, ikameza maneno mawili, ikaendelea. Kuanzia siku hiyo wimbo ule uliimbwa Vidunda pasina maneno hayo mawili. Na kuanzia siku hiyo sarafu haikutumika kununua kitu.

Kila afahamuye mambo ya santuri atasema kwamba uzito wa sarafu ulizidi kuila mifuo. Ni kweli. Ilipigwa hivyo karibu miaka ishirini, mpaka betri zikawa ghali na kaseti zikafika mlimani.

Mnunuzi alikuja na kioo cha kukuzia na taa ndogo. Alikuwa mtu mpole, hakudharau kitu, na kazi yake aliijua. Alizipitia santuri moja moja akizielekeza kwenye mwanga, na kwa kila moja alitikisa kichwa. Alipoisoma karatasi ya Ave Africa alinyamaza muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akairudisha mkekani kwa mikono miwili kama mtu alazaye mtoto. "Mwalimu, hii ingekuwa nzima, ungepata bati ya nyumba yote na saruji juu," alisema. Akaongeza kwamba hata hivyo waitakayo kuisikia hawana shida tena, kwa sababu kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi zote za Sunburst na kuzitoa upya mwaka 2016. Mwalimu hakuwa na habari hiyo.

Ndipo mnunuzi alipofika chini kabisa ya sanduku, akatoa santuri tatu ambazo hazikuwa zimeguswa.

Moja ilikuwa ya Kiingereza. Jalada lilimwonyesha mwanamke mwenye mwavuli kando ya maji, na karatasi ya katikati ilikuwa na duara za nyeusi na nyeupe zilizofungwa moja ndani ya nyingine, ambazo santuri ikizunguka huvuta jicho ndani kama kisima. Hiyo ilikuwa alama ya Vertigo, tawi la kampuni ya Philips lililoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya vijana wa Uingereza waliotaka roki iwe na urefu wa simfoni na ndoto ya mvuta bangi. Kundi lilikuwa Affinity, lenye mwimbaji wa kike Linda Hoyle na kinanda kizito cha ogani. Lilitoa santuri hiyo moja mwaka 1970, na halikupata wanunuzi wa kutosha kutoa ya pili kabla ya kutawanyika. Utingo aliinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akifunga mizigo kuondoka Kitwe. Aliipenda picha. Santuri yenyewe aliipiga mara moja tu, watoto wakaogopa lile duara linalozunguka, wazee wakasema kinanda hicho ni cha mazishi, akairudisha jaladani na hakuitoa tena.

Ndiyo hiyo iliyonunuliwa. Mnunuzi alitoa shilingi laki nne kwa hiyo, na laki moja na nusu kwa zile mbili nyingine, ambazo nazo marehemu hakuzipenda. Fedha zilitosha bati za upande uliong'oka, misumari, na nauli ya fundi.

Waingereza wenyewe wana santuri za aina hiyo kwa mamia, na desturi ya kuzitafuta imekuwa kwao kama uvuvi wa lulu. Ndugu zao hawa wa roki ya ndoto waliimba kwa miaka michache tu, baina ya 1967 na 1973 hivi, kila mji ukiwa na kundi lake, na wengi hawakumpata wa kuwasikiliza isipokuwa jirani aliyelalamikia kelele. Wengine walijichapia wenyewe. Sheria ya kodi ya manunuzi ilisamehe machapo yasiyofika 100, basi kundi la Complex la Blackpool likachapa santuri 99 mwaka 1971 na kusimama hapo. Kundi la Dark la Northampton lilichapa kama 60 mwaka 1972, likazigawa kwa jamaa na marafiki. Leo kila moja ya hizo hununuliwa kwa maelfu ya pauni, na watu wazima huipokea kwa glavu. Hata mtoto wa Unguja amo katika hesabu hiyo: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, kabla hajawa Freddie Mercury wa Queen aliimba mwaka 1969 na kundi la Ibex ambalo halikuacha hata santuri moja, na mwaka 1973 sauti yake ilitolewa katika santuri ndogo kwa jina la bandia la Larry Lurex, iliyouzika vibaya wakati ule na sasa husakwa na wapenzi kwa tochi.

Uadimu wa Uingereza, basi, huanzia kiwandani. Santuri haipatikani kwa sababu hakuna aliyeitaka ilipotoka, na ikikutwa leo ni safi, kwa sababu hiyo hiyo. Bei hupanda kwa kadiri ya kutopendwa kwake. Mwalimu aliliona jambo hilo kwenye mkeka wake bila ya kuhitaji kwenda London: zilizolipiwa ni zile ambazo mjomba hakuzipenda, zilizopendwa zilikuwa zimeliwa na mapenzi, hazikuwa na thamani hata ya chai ya mnunuzi. Aliyachukua maneno hayo moyoni kwa uchungu kidogo, kwa kuwa katika zile zisizo na thamani moja ilikuwa imeharibiwa kwa mkono wake.

Huenda wasomaji wa ushairi wakaona jambo hili si geni. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV, na sahani zao zilikuwa za lakiri, ambazo hazikwaruziki tu bali huvunjika kama sahani za pilau. Zilivunjika. Zilipigwa katika baraza na mikahawa, zikaazimwa, zikaanguka, na inayopatikana nzima leo ni ile iliyopata bahati ya kusahauliwa kabatini. Ilhali nyimbo hazikuvunjika. Zilikwisha kuhamia midomoni. Na kabla ya kuwapo sindano na santuri, tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikaa miaka mingi vifuani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikumbuka na kuziandika kwa ajili ya Mwingereza William Taylor. Diwani yenyewe haikuchapishwa ila mwaka 1940, mshairi akiwa na karne nzima kaburini. Aliyewahi kukaa na wazee wa Mombasa anajua kwamba diwani hiyo ikisomwa barazani hakukosi mmoja wa kusema: hapo sivyo, nilivyosikia mimi ni hivi. Wahariri huita kosa. Mzee huita Muyaka.

Mwalimu alipopanda mlimani na fundi wa bati, alichukua sanduku lirudi nalo. Hakuona sababu ya kulibakisha Mikumi. Kazi ilichukua siku mbili, na jioni ya siku ya pili, nyumba ikiwa na paa linalong'aa upande mmoja kama jino la dhahabu, alikaa na mama yake uani. Mama alikuwa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani, akichambua kwa vidole bila ya kutazama. Mwalimu akatoa simu. Alikuwa ameipakia Ave Africa yote kutoka intaneti, iliyosafishwa London, isiyo na punje ya vumbi.

Wimbo wa kwanza ulipita, na wa pili. Mama alitikisa kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu asikilizaye hotuba ya mgeni. Wa tatu ulipoanza, vidole vyake vikasimama juu ya maharage. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, maneno yote, ya Kiswahili cha Dar es Salaam ya miaka ya 1970, moja kwa moja, bila ya kukosea. Na alipokaribia mahali pale, kidole chake cha shahada kiliinuka chenyewe, tayari kuushusha juu ya goti kwenye ule mruko. Sauti yake ikaruka mbele. Sauti ya simu haikuruka. Kwa pumzi moja walikuwa wawili, yeye mbele na Sunburst nyuma, na maneno mawili yaliyomezwa yakatoka hadharani Vidunda kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya arobaini.

Mama alinyamaza.

"Mwanangu, hawa ni akina nani?"

"Ni wale wale, mama. Ndiyo santuri ya mjomba, imesafishwa huko Ulaya."

"Si wenyewe. Hawa wameongeza maneno."

Mwalimu akaurudisha wimbo nyuma, akaupiga tena pale pale. Akayahesabu yale maneno kama afanyavyo darasani anapofundisha mizani, akamwonyesha kwamba kwa maneno hayo mshororo unatimia na bila ya hayo unapungua. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba mshororo unaopungua ndio aliouimba alipokuwa akimlea yeye na wadogo zake, na hakuna aliyewahi kulala akilalamikia mizani.

Ndipo mwalimu alipomwambia lile ambalo alikuwa hajamwambia mtu: kwamba ni yeye aliyeikwaruza, siku ile, kwa mkono wake, na watu wazima walikuwa wametazama upande mwingine.

"Najua," mama alisema. "Mjomba wako aliniambia usiku ule ule. Alicheka. Akasema mtoto huyu kanipunguzia maneno, na mimi sipendi watu wa maneno mengi."

Akaurudia ungo wake. Baada ya kitambo akauliza kama chenja bado inafanya kazi, na mwalimu akajibu kwamba fundi redio wa Mikumi aliibadilisha mkanda na inazunguka, ijapokuwa kwa kusuasua. Mama akamwambia ailete, na asisahau ile sarafu ya sungura. Chenja ilitaka betri sita. Duka la chini lilikuwa na nne. Mbili zilizobaki zilitolewa kwenye tochi ya mama, na giza lilikuwa limekwisha kuingia.